KABLA HUJAIKATA PIKIPIKI YAKO ILI UFANYE STANTI, SOMA HII MPAKA MWISHO

Tangu niweke ile video ya dogo akizunguka na Apache kwa tairi moja, inboksi yangu imefurika. Na maswali ni yale yale mawili kila siku: "Kaka hiyo chuma inatembea ngapi?" na "Kutengeneza kama hiyo bei gani?"

La kwanza nalijibu hapa hapa. HAITEMBEI. Ukiipeleka barabara ya Mwanza, Boxer ya kawaida yenye abiria na kiroba cha mchele mbele inaiacha. Najua kuna mtu hapo ameshakata tamaa hahaha, ila vumilia, hapo ndipo stori yenyewe inapoanzia.

La pili ni refu, kwa sababu bei sio hela tu. Leo naimwaga yote. Majina ya wahusika ni kapuni, wengine ni ndugu zangu na wengine mnakutana nao vijiweni kila siku, kwa hiyo usinilazimishe.

TUANZE NA HALI YA KITAA

Kama unaishi Geita huhitaji kuambiwa pikipiki ni nini kwetu. Kuna barabara za kwenda kwenye maduara na makarasha ambazo gari dogo likiingia linalia. Pikipiki ndiyo inapeleka mchimbaji kazini, inabeba mawe, mafuta ya jenereta, chakula cha mama lishe, na usiku inamrudisha mtu nyumbani akiwa na hela au akiwa na stori za "kesho tunatoa". Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipozitambua rasmi bodaboda kama chombo cha kubeba abiria, vijana wengi wa rika langu tuliomaliza kidato cha nne na matokeo ya kusuasua, ajira ya kwanza kuiona mbele yetu ilikuwa mbili: shimoni au kijiweni.

Sasa weka vijana 20 kijiweni, kila mmoja ana pikipiki, jua linawaka, abiria hakuna. Lazima mmoja ataonesha kitu. Ndo hapo tairi la mbele linaponyanyuka. Timu ikishinda, tairi linanyanyuka. Harusi ikipita, tairi linanyanyuka. Na kubwa zaidi ni msiba wa bodaboda mwenzetu: msafara mzima honi juu, moshi, watu wamesimama juu ya siti, tairi za mbele hewani hadi makaburini. Mgeni anaweza kuona ni utovu wa adabu. Kwetu ndio namna ya kumwambia marehemu kwamba tumemsindikiza kweli.

Sisemi ni sawa. Barabarani ni kosa, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haina mchezo na mtu anayeendesha kwa fujo, na askari akikudaka usinipigie simu. Nasema tu kwamba hamu ya stanti haijaletwa na TikTok. Ilikuwepo. TikTok imeiongezea mashabiki.

DOGO NA BOXER YA MKATABA

Huyu dogo mnayemuona kwenye video ni mtoto wa mama yangu mdogo, ana miaka 22. Alichukua Boxer kwa mkataba, mnaujua mchezo: hesabu buku kumi kila siku kwa tajiri, jumapili mapumziko, miezi ikiisha chuma inakuwa yako. Alipiga mkataba mpaka mwisho. Mvua, jua, malaria, hesabu ilienda. Siku anakabidhiwa kadi ya pikipiki mama mdogo alipika pilau, na huyu mama anauza ugali na dagaa karibu na makarasha, pilau kwake sio kitu cha jumanne.

Wiki mbili baadaye dogo akanifuata gheto.

"Kaka, nataka niikate."

"Uikate nini?"

"Boxer. Nikate madogadi ya nyuma, nitoe siti ya abiria, niweke sproketi kubwa, nichomelee chuma nyuma. Wewe unashika kamera, tunaweka YouTube. Tutatoka, kaka."

Nikamuuliza mama anajua? Akaangalia chini. Nikamuuliza mtoto wake je, maana ana katoto ka mwaka mmoja na mzazi mwenzie yuko Buseresere anasubiri hela ya maziwa kila wiki. Akasema, "Stanti italipa."

Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nilimwambia twende kwanza kwa fundi. Nitawaambia kwa nini, ila kabla ya hapo kuna mtu lazima nimtaje.

YULE BINGWA WA MJINI

Kuna jamaa, jina kapuni, wengi mliwahi kumpigia makofi. Huyu alikuwa anainua Boxer kuanzia kijiweni mpaka kwenye kona, watoto wa shule wanamkimbilia. Alikuwa na kipaji, hilo simnyimi. Mtindo wake ulikuwa kupandisha miguu kwenye vikanyagio vya abiria halafu anainua. Ukiangalia unaona kabisa mtu anaelea.

Siku moja ikapanda zaidi ya ilivyozoea. Miguu iko nyuma, breki ya mguu iko mbele kule chini, haifikiki. Akaachia mafuta, haikutosha. Pikipiki ikapita kichwani, yeye chini, chuma juu yake. Mguu ulivunjika sehemu mbili, akapelekwa Bugando, mpaka leo anatembea na chuma ndani ya mguu. Na ile Boxer ilikuwa bado ya mkataba, zimebaki wiki tisa. Tajiri alikuja hospitali na matunda, akampa pole, akakaa kidogo, halafu akauliza kuhusu hesabu.

Waliokuwepo walisema amerogwa, wengine wakasema alizidisha resi. Mimi nilitaka kuelewa.

FUNDI ALIVYOTUFUNGUA MACHO

Kuna mzee ana gereji maeneo ya Nyankumbu, kibanda cha mabati tu, ila Geita nzima pikipiki zilizoshindikana zinaishia pale. Tukampa shikamoo, dogo akamwaga ndoto zake zote. Mzee akafuta mikono kwenye tambara, akasema:

"Kila kijana anayekuja hapa anataka nimtengenezee inyanyuke. Hajawahi kuja hata mmoja akaniuliza itashukaje."

Halafu akachukua baiskeli ya mwanafunzi wake akainyanyua tairi la mbele taratibu ili tuone. Mwanzoni ni nzito, inataka kurudi chini. Ukiendelea kuinua inafika mahali inakuwa nyepesi kama haina uzito, unaishika kwa vidole viwili. Uzito wote umekaa juu ya tairi la nyuma. Ukizidisha kidogo tu kutoka hapo, inaanguka kwa nyuma yenyewe, husukumi.

Stanti yote inachezwa kwenye kile kisehemu chepesi. Ikitaka kurudi mbele unaongeza mafuta kidogo. Ikitaka kuanguka nyuma unagusa breki ya NYUMA kidogo, na tairi la mbele linashuka lenyewe. Mafuta, breki, mafuta, breki. Kwa hiyo mtu anayeinua bila breki ya nyuma kufikika ni sawa na mtu anayeshuka mlima na baiskeli isiyo na breki, anasubiri tu siku. Yule bingwa wetu hakurogwa. Alikuwa na kitu cha kumpandisha, cha kumshusha hakikuwepo.

Mzee akaangalia Boxer ya dogo akasema nyingine: hii ina breki za dramu. Dramu kwa kazi ya abiria ni sawa tu, ila ukiigusa mara mia kwa dakika chache inapata moto, na ikipata moto inalegea. Alafu ukiikata siti na madogadi, kesho abiria anakaa wapi? "Pikipiki moja haiwezi kukupeleka kazini na kukupeleka uwanjani. Chagua."

Dogo alinyamaza njia nzima ya kurudi.

HESABU YA TAJIRI ASIYEKUWEPO

Tulichoamua ni hiki, na kwangu ndicho cha maana kuliko vyuma vyote ntakavyotaja. Dogo aliendelea kutoa hesabu ya buku kumi kila siku KANA KWAMBA mkataba haujaisha. Buku tano kwa mama na mtoto. Buku tano kwenye sanduku, funguo ninayo mimi. Kuna siku alinuna, kuna siku aliniita majina. Miezi tisa.

Katikati hapo tukapata mzoga. Apache RTR 180, ile yenye disiki mbele na nyuma, injini ya cc 177. Ilikuwa imelala nyuma ya nyumba ya mtu Katoro, kuku wanatagia kwenye tanki lake, sio utani. Pistoni imekufa, klachi imekufa, tairi zimepasuka, lakini fremu imenyooka na karatasi zake zipo. Karatasi ni muhimu wadau, usinunue mzoga usio na kadi ukaja kuniambia umefungwa.

Mchanganuo huu hapa: mzoga 550,000. Kufufua injini na klachi 180,000. Sproketi na cheni 95,000. Breki ya mkono 120,000. Bomba na kuchomelea 140,000. Tairi 80,000. Jumla 1,165,000, sijaweka soda za mafundi. Boxer haikuguswa hata nati moja, ilikuwa barabarani inatafuta.

SASA VYUMA VYENYEWE

1. Breki ya mkono. Hii ndiyo tuliyoanza nayo, kabla hata injini haijawaka. Kwenye disiki ya nyuma tumefunga kalipa ya pili, na pampu yake ndogo ya breki iko kwenye usukani upande wa kushoto, chini ya mkono wa klachi. Sasa dogo hata akiwa amesimama juu ya siti au miguu iko nyuma, kidole kimoja kinatosha kuishusha. Kalipa na pampu vimetoka kwenye mizoga mingine, kile kibati cha kushikia kalipa kilichongwa na fundi wa makarasha. Ukifunga ya kwako hakikisha mmetoa upepo wote kwenye mafuta ya breki. Ukibonyeza ukasikia laini kama sponji, usipande.

2. Sproketi. Hapa ndipo mnaponiuliza spidi. Chukua mfano pikipiki ina meno 14 mbele na 42 nyuma. Gawanya, unapata 3: mbele inazunguka mara 3, tairi linazunguka mara 1. Ukiweka 56 nyuma unapata 4. Nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa theluthi, ila kama zamani mwisho ilikuwa 100, sasa mwisho ni 75. Unauza spidi unanunua nguvu. Faida yake ni kwamba inanyanyuka ikiwa inaenda polepole, spidi ya mtu anayekimbia tu, huhitaji kuchukua mwendo wa kufa. Na ukidondoka, unadondoka polepole.

Madukani kwetu sproketi kubwa hivyo hakuna, iliyopo ni ya bodaboda. Tukaenda kwa jamaa mwenye mashine ya kukata chuma, anayechonga shafti za makarasha. Akaifanyia mahesabu, akaitoboa, akaikata kutoka kwenye bati zito. Geita tuna mafundi wa chuma hatari, hatuwajui tu kwa sababu wanahudumia dhahabu. Njia ya bei rahisi ni kupunguza jino moja mbele, linafanya kazi karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Ila sproketi ndogo mbele inakula cheni haraka, na sproketi kubwa nyuma inataka cheni ndefu. Usiunge cheni iliyochoka na mpya.

3. Keji. Yale mabomba mnayoyaona yamezunguka injini. Utadondoka, hilo halina mjadala, dogo alidondoka mara 14 siku ya kwanza, nilihesabu. Bila keji, kifuniko cha injini kinapasuka mara ya pili tu na oili yote iko chini. Tumetumia bomba la chuma, sio nondo. Na keji IMEFUNGWA kwa bolti, haijachomelewa kwenye fremu. Fremu ukiichoma hovyo inadhoofika pale pembeni ya mchomeleo, siku ikikatika hutajua ilikatikia wapi. Kama kuna kitu lazima kichomewe juu ya pikipiki, chomoa betri kwanza.

4. Chuma cha nyuma. Kile kibomba kilichotokeza nyuma ya siti. Pikipiki ikisimama wima kabisa, kile ndicho kinagusa chini kabla haijapinduka. Watu wanadhani ni urembo wa kutoa cheche. Cheche ni nyongeza.

5. Mengine madogo. Injini tumeipandisha kidogo mngurumo wake ikiwa haijapewa mafuta, ili isizime ikiwa inazunguka polepole. Tairi la nyuma tumelipunguza upepo ili likae chini vizuri, ila hili usilifanye kwenye pikipiki ya abiria, tairi litapata moto na kupasuka. Oili tunaiangalia kila tukipanda, kwa sababu pikipiki ikisimama wima oili inakimbilia nyuma, na injini ikikaa hivyo muda mrefu bila oili inakufa kimya kimya. Ni ya kabureta, kwa hiyo hata petroli inachezacheza ikiwa imesimama. Haya ndio magonjwa yake, lazima uishi nayo.

6. Mwili wa mpandaji. Helmeti ya kufunika uso mzima, glovu, suruali nzito, na buti za mgodini zile zenye chuma mbele. Buti za mgodini ziko poa sana kwa hii kazi na Geita ziko kila kona. Ila kofia ya mgodini SIO helmeti ya pikipiki. Kuna mtu aliniuliza hilo akiwa serious kabisa.

SIO SISI TU

Wapo watakaosema haya mambo ni ya wazungu. Ni kweli wao wanatumia machuma makubwa, mfano Kawasaki 636, injini zaidi ya mara nne ya Boxer. Mjerumani Chris Pfeiffer, aliyefariki 2022, alikuwa bingwa wa dunia mara 4, na BMW aliyokuwa anachezea ilikuwa pikipiki ya kawaida ya dukani iliyopita kwenye mikono ya mafundi. Na kwa dada zangu mnaosema hii ni ya wanaume: mliangalia Avengers: Age of Ultron ya 2015? Aliyekuwa anaendesha pikipiki badala ya Scarlett Johansson ni dada wa Kifaransa, Sarah Lezito. Mtafuteni mtandaoni muone mwanamke anavyoisimamisha.

Lakini mfano ninaoupenda uko India. Apache na Pulsar ni za kwao, na vijana wao wanafanya stanti na hizo hizo tunazoziona sisi barabarani, mpaka Pulsar ikawa na kipindi kizima cha stanti kwenye MTV ya kule. Kampuni iliona vijana wanacheza na bidhaa yake ikasema njooni hapa, tuwape uwanja.

Na wa pili uko karibu zaidi, Afrika Kusini. Wale jamaa wa kuzungusha magari, hasa BMW 325i wanayoiita Gusheshe. Ule mchezo ulianzia Soweto miaka ya 1980, na moja ya sehemu ulikokuwa unachezwa ni kwenye MISIBA ya wahuni. Wanamsindikiza mwenzao kwa moshi wa tairi. Unaona kitu? Ni sisi kabisa. Leo unachezwa ndani ya viwanja, watu wanakata tiketi, na mwaka 2014 chama cha mchezo wa magari cha kule kikautambua kama mchezo rasmi. Kilichobadilika ni mahali pa kuchezea, na kwamba aliyesimama pembeni sasa ana ukuta mbele yake.

TUNAPOCHEZEA, NA MAMA MDOGO ALIVYOKUJA

Sisi tumepata sakafu ya kuanikia mpunga kwenye mashine moja ya kukoboa. Saruji safi, pana, imezungushiwa ukuta. Msimu wa mavuno hatugusi, miezi mingine mwenyewe anatupa jumapili jioni kwa sharti moja, tufagie kabla na baada. Vumbi ni baya, tairi linateleza. Kwa hiyo mabingwa wa stanti mnaowaona kwenye video, saa nzima kabla walikuwa wameshika mafagio hahaha.

Mama mdogo alikuja bila kuambiwa, sijui nani alimtonya. Alisimama getini na ndoo yake kichwani, dogo hajamuona. Akamuangalia akiinua, akazunguka nusu duara, ikazidi, dogo akagusa breki, tairi likashuka "pu", akainua tena. Mara tano, mara sita. Mimi nilikuwa nasubiri kelele.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile Boxer iko wapi?"

"Iko nyumbani mama, kesho inaingia kazini."

"Na hii ikiharibika?"

"Ikiharibika inakaa. Hela ya mtoto haitoki humu."

Akakaa kimya. Halafu akaita, "Ng'wanawane!" Dogo alishtuka nusura adondoke mara ya 15. Mama hakumsifia, msije mkadhani. Alimwambia kamba ya helmeti imelegea, aifunge. Akaondoka.

Mpaka leo hajasema anaupenda huu mchezo, na sitegemei aseme. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe naogopa kila ikipanda, kamera inatetemeka mnaiona. Video zenyewe hazijaleta hela ya maana, nawaambia ukweli, tumepata bando na fulana. Angeikata ile Boxer siku ile, saa hizi angekuwa anaomba lifti kwa wenzie.

NINACHOOMBA

Kwanza kwa vijana. Kama pikipiki bado ni ya tajiri, usiguse hata bolti. Kama ndiyo inayolisha nyumba, hiyo iache na siti yake na madogadi yake, tafuta mzoga taratibu. Ukianza kutengeneza, anza na breki. Na usiinue ukiwa na abiria, nasema tena, USIINUE ukiwa na abiria, yule amelipa buku afike sokoni, hajalipa kufa. Kuna madogo wameshaanza kuota kulikatisha daraja la Kigongo–Busisi kwa tairi moja, zile kilomita 3 zote. Tangu limefunguliwa Juni 2025 nimeshaulizwa mara mbili. Jibu langu ni lile lile, kule chini ni ziwa na pembeni yako ni malori.

Pili kwa wakubwa wa mkoa, najua wapo wanaosoma kimya kimya bila kukomenti. Tunawakimbiza hawa vijana barabarani miaka yote na bado wananyanyua. Pale Bombambili kwenye viwanja vya maonesho ya madini, yanayofanyika tangu 2018, tunakusanyika kuangalia teknolojia ya dhahabu. Siku ambazo hakuna maonesho, kona moja tu yenye sakafu ngumu, uzio, gari la wagonjwa na askari wa usalama barabarani kama mwalimu. Wachaji kiingilio buku. Mimi nitalipa, na mama mdogo atauza ugali.

Yule bingwa wa mjini nilimuonesha ile breki ya mkono mwezi uliopita. Aliibonyeza na kuiachia mara nyingi sana, bila kusema kitu, halafu akauliza inauzwa wapi. Nikamwambia haiuzwi, inatengenezwa. Sasa hivi jumapili anakuja pale kwenye sakafu na fimbo yake, anawafundisha madogo wawili jinsi ya kushusha kabla ya kupandisha.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ungeikata Boxer au ungesubiri? Na kama wewe ni tajiri wa pikipiki, dereva wako akikuambia anataka kufanya stanti utamfanyaje? Tiririka hapo chini, matusi hapana, nayafuta. Na kama una kalipa ya Apache imelala ndani haina kazi, njoo inboksi tuongee bei.